Mbichi zinakwenda wapi?

Mwaisha shoga, leo nimemfundisha kompyuta mtaalamu wa mjini! Haya, nilimwambia tu karafuu huanikwa kabla ya kufungwa.

Erick, ndiye mtaalamu, alikuwa anachora safari ya karafuu zetu kwa visanduku na mishale, ili kompyuta ya ushirika ielewane na ya mnunuzi.

Sasa, ghalani yamekutwa magunia yenye ukungu, na Mwenyekiti Anselmi akaapa mbele ya wanachama, "Nakagua kila gunia! Yenye ukungu kayachomeka huyu bibi baadaye. Afutwe uanachama!"

Mimi, shoga! Mimi!

Erick akauliza, "Mzee, kavu zinafuata mshale huu. Ukikuta mbichi, zinakwenda wapi?"

"Naziagiza zianikwe upya, nyuma ya ghala."

Nyuma ya ghala, Mwaisha!!

Nikamwambia, "Mwenyekiti, nyuma ya ghala ni korongo. Unazianika hewani?"