Tumbo Langu Liligusa Mpira Mwekundu

Mpendwa Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sijaja kulia, nimekuja nimekasirika.

Mimi ni bingwa wa snuka, ule mchezo wa kupiga mipira kwa fimbo juu ya meza, kombe nimelichukua mara tatu mfululizo, na pale ukumbini wananiita Mama Chaki, kwa chaki ninayoipaka fimbo yangu, ingawa hakuna mtoto aliyewahi kuniita mama, maana mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa katika mwezi wake wa tatu, na ilipotoka kila mtu akaijua sababu kuliko daktari, mara ni kuinamia meza, mara ni kusimama muda mrefu, mara ni kushinda na wanaume ukumbini, na mama mkwe wangu akasema mbele ya mawifi zangu kwamba nimechagua mipira nikaacha mtoto. Daktari alisema hakuna nilichokosea. Nani alimsikiliza?

Sasa nina mimba nyingine, Shangazi, na safari hii nikafunga mdomo. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anarudi siku mbili tatu kisha huyo anaondoka, nikajiambia nikishauvuka ule mwezi nitamwambia yeye kabla ya mtu yeyote, tena ana kwa ana, nikawa navaa kizibao kipana na kwenda kliniki peke yangu, na mwezi ukapita, ukapita na mwingine, naye safari hiyo ikarefuka, nikawa namsubiri tu arudi. Akarudi siku ya nusu fainali. Alitoka barabarani moja kwa moja hadi ukumbini, akakaa mstari wa mbele na vumbi lake ili anishangilie.

Nilikuwa naongoza. Nikajinyoosha juu ya meza kuupiga mpira wa bluu, na kulikuwa na mwekundu mmoja karibu na ukingo upande wangu, nikausikia umenigusa ukasogea kidogo sana, mwamuzi alikuwa upande wa pili hakuona, mpinzani wangu alikuwa anakunywa maji, hakuna aliyeona. Lakini kwenye mchezo wetu ukigusa mpira kwa mwili au kwa nguo ni faulo, na mwamuzi asipoiona unajitaja mwenyewe, ndivyo tulivyofundishwa, na anayenyamaza tunamjua na salamu tunamnyima. Nikasimama nikasema, "Faulo, mwamuzi. Nimegusa nyekundu."

"Kwa mkono?"

"Hapana."

"Kwa shati?"

"Hapana."

"Sasa kwa kitu gani, dada?"

"Kwa tumbo. Nina mimba."

Lilinitoka tu, Shangazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha makofi, mpaka mpinzani wangu akaja kunikumbatia. Nikamtazama mume wangu. Hakucheka, hakupiga makofi.

Pointi tano zikaenda kwa mpinzani na bado nilishinda. Nyumbani ndiko kulikoniwia kugumu. Mume wangu alisema, "Mwamuzi amejua kabla yangu," akageukia ukutani akalala, na alfajiri akaondoka na lori. Kabla ya mchana habari zikamfikia mama mkwe, akahamia kwetu na mabegi yake, fimbo yangu ya kuchezea akaipandisha juu ya kabati, na katibu wa chama chetu cha snuka akapiga simu kwa sauti tamu, eti wako tayari kumpa mwingine nafasi yangu "kwa kuheshimu hali yako". Fainali ni mwezi ujao. Daktari hajanikataza. Mume wangu simu anapokea lakini anajibu neno mojamoja.

Sijitoi, Shangazi. Nani kasema najitoa? Ubingwa ni wangu na mimba ni yangu, na vyote navibeba kwa mwili huuhuu. Nifundishe namna ya kumrudisha mume wangu bila kulirudisha kombe.

Mama Chaki

*

Marahaba, Mama Chaki. Na hongera, maana naona katika wote hao hakuna wa nyumbani aliyekumbuka kukupa. Pole pia kwa yule wa kwanza. Aliyesema ulichagua mipira alikukosea sana.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Mwanamke mwenye ujasiri wa kujitaja faulo ambayo hakuna aliyeiona, ulishindwaje kujitaja kwa baba wa mtoto? Lori lake halina simu? Najua uliogopa. Lakini yule mtoto wa kwanza alikuwa wake pia, na yeye angependa kuogopa pamoja nawe. Ulimfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Kanuna, na ana haki ya kununa.

Ila fungua macho, mwanangu. Mama yake anapigana na mchezo wako, mume wako ana kidonda chake kingine kabisa. Mwanamume asiyetaka ucheze hatoki safari akaja kukaa mstari wa mbele bila hata kuoga. Usiwaweke kapu moja.

Mpigie leo. Mwambie, "Nilikukosea, ulistahili kujua wa kwanza," kisha nyamaza, hata akikaa kimya hadi salio likuishie. Habari ya fainali usiiguse kwenye simu hiyo. Akirudi, mpeleke kliniki, akae nawe kwenye benchi, amuulize daktari maswali yake yote, hata ya kijinga. Daktari akisema cheza, cheza. Akisema acha, utaacha, na sitaki ubishi, ukaidi wako naupenda lakini haukusomea udaktari.

Fimbo yako mwombe mtu mrefu aishushe, wewe usipande kiti. Mama mkwe umuage kwa adabu: "Mama, naenda mazoezini." Maelezo ya ziada hana haja nayo. Akianza tena habari za mtoto wa kwanza, hapo ni kazi ya mume wako kumjibu mama yake, na mume umwambie hivyo. Katibu mwandikie neno moja: Nitacheza. Kama anaiheshimu sana hali yako, akuwekee kiti chenye mto.

Na mezani acha kujinyoosha kama msichana. Nimeuliza wanaojua, wameniambia kuna kijiti cha kuegemezea fimbo kwa mipira ya mbali, na nyinyi mabingwa mnakionea aibu. Kitumie bila aibu.

Siku ya fainali ingia kwa mlango wa mbele, tumbo mbele. Kombe likiondoka, liondoke na mtu aliyekushinda pale mezani, mipira ikihesabiwa. Hakuna mwingine yeyote wa kumkabidhi.