Moshi Wangu kwenye Karatasi ya Adela

Mabira, Agosti 1991

Mjukuu wangu Jasta,

Nisamehe kuchelewa kukujibu. Mwanangu, ambaye kwa ukoo ni baba yako mdogo, anaota meno na haniachii mikono. Babu yako hajambo, ng'ombe amezaa.

Unauliza kama kweli wifi yangu Adela alipima hewa. Ni kweli, mwaka ule nilioolewa. Wataalamu walimchagua abadilishe karatasi ya kunasa vumbi pale mlimani, wajue hewa ya dunia inavyobadilika. Na mimi nilimaliza la saba kama yeye! Wivu ukanikaba. Nikachimba shimo la kuivishia ndizi za pombe kule upepo unakotokea, nikafukiza hasa, ili karatasi ichafuke afukuzwe.

Ikatoka nyeusi.

"Moshi huu wa wapi?" mtaalamu akamuuliza Adela.

"Wa ndizi za wifi yangu. Nimeshaandika daftarini."

"Vizuri sana. Ningedhani mbuga imeungua."

Akasifiwa kwa moshi wangu! Jioni akaja kwangu, akacheka: "Wifi, pombe iko wapi?" Nikammiminia, macho chini.

Basi nitumie sabuni miche miwili, dawa ya minyoo, na kitenge changu. Cha Adela pia, ila kisishinde changu.

Bibi yako mdogo,
Veneranda