Nguo za Kupandia Boti

Ibra, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Nasikia umerudi tena pwani kabla halijapoa, na hapo nimekasirika, lakini nani wa kukuzuia wewe? Mimi mzima, alhamdulillahi. Joto la huku nimelizoea na tende nakula mpaka nachoka, ila pweza wako bado ananijia ndotoni. Barua hii anakuletea Bi Tatu, jirani yangu anayerudi likizo. Usimwache aondoke bila ya kunywa chai.

Mama, nimepanda boti! Wiki iliyopita familia nzima ninayoifanyia kazi ilikwenda Sur kutembea baharini na kutazama pomboo, na mimi nikaambiwa nimo. Nilifurahi nusu siku tu. Jioni Mama Zahra, mke wa mwenye nyumba, akaniletea sare mpya ya kijivu yenye ukosi mweupe.

"Utavaa hii kesho, Mwanaisha. Watakuwapo jamaa zetu wa Nizwa, nataka tuonekane watu wa mpango."

Nikasema sawa, lakini roho iliniuma. Ya kufulia na kupikia naivaa bila neno, kazi ni kazi. Siku ya kutembea nilitaka nitembee kama watu wengine.

Na wao wenyewe ungewaona wanavyochagua nguo! Hawa ni watu wa bara, bahari kwao ni safari. Walijitayarisha kama waendao harusini. Mama Zahra alitandaza kitandani abaya mpya ya hariri, mikono mipana, na viatu vya visigino. Binti yake Zahra alifukiza udi shela nyepesi kama pumzi. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Bi Mkubwa, mama yake mwenye nyumba, hakuchagua kitu. Alizaliwa Unguja mjini, na tangu aletwe huku akiwa msichana hajapanda chombo tena. Alisema haendi. Nilipompelekea chai akaniuliza kwa sauti ndogo:

"We mtoto wa pwani. Chomboni huvaliwa nini?"

Nikatoa ile kanga yako nyekundu, uliyonitilia kwenye begi nami nikakunung'unikia kuwa Oman nitaifanyia nini. Nikamwonyesha unavyofunga unapokwenda kwenye mwani: suruali ndani, kanga mara mbili kiunoni, pindo lichomekwe ubavuni upepo usipate pa kuingia, mtandio ukazwe kisogoni, miguuni ndara. Akatazama sana. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa kanga kuukuu inayonukia karafuu, akasimama.

"Nifunge."

Asubuhi alitoka chumbani kafungwa vile vile, juu ya sirwali yake ya Kiomani. Mama Zahra akashika mdomo.

"Mama, la! Watu wa Nizwa watasemaje?"

"Watasema nimevaa," akajibu Bi Mkubwa. "Na Mwanaisha avae kama mie. Ama hivyo, ama sishuki ngazi."

Sare ikabaki imetundikwa ukutani.

Mama, upepo wa Sur hauna adabu. Boti ilipotoka tu, ile abaya ya hariri ikapanda mpaka usoni, Mama Zahra haoni mbele. Kisigino kikateleza, akamkalia wifi yake wa Nizwa. Shela ya Zahra ikaruka, pengine sasa anayo pomboo. Mimi na Bi Mkubwa tumesimama tumeshika ukingo, nguo zetu zimetulia. Pomboo walipochomoza Bi Mkubwa alipiga kigelegele huku machozi yanamtoka.

Nahodha akatutazama, akauliza nani kamvika bibi huyu, maana amevaa kama mtu wa bahari. Wote wakanigeukia.

"Kakufunza nani, mwanangu?" akauliza Bi Mkubwa.

Hapa ndipo ninapokuomba radhi, Mama. Miaka miwili hii nimewaambia kuwa mama yangu ana duka la vitambaa mjini. Niliona haya kusema unashinda majini umeinama. Siku ile haya hiyo sikuiona hata chembe. Nilisema kwa sauti, juu ya kelele za injini:

"Kanifunza mama yangu. Analima mwani Jambiani, na sote katulea kwa mwani huo."

Kisha Mama Zahra akanisogelea pole pole, abaya kaishika kwa mikono miwili.

"Basi nifunge na mimi, yalla, kabla sijaanguka tena."

Nikaipinda abaya yake, nikaichomeka ubavuni, viatu nikavitia kwenye mfuko. Mpaka tunarudi bandarini hakuteleza tena.

Picha tuliyopigwa botini anayo Bi Tatu. Mwenye kanga nyekundu, katikati, ni mimi. Ione vizuri hiyo kanga, maana mkono ulioifunga ni wako.

Nisalimie kaka yangu Haji, umwambie ule mlango wa jikoni autengeneze. Nisalimie shangazi Mwanajuma, mwenzio wa kwenye mwani, na mdogo wangu Somoe, aache kuvaa kanga zako bila ruhusa. Na goti ulipumzishe.

Kesho jamaa wa Nizwa wanakuja kula, nami nitavaa sare kama kawaida. Wakiniuliza mimi mtoto wa nani, jibu ninalo.

Ni mimi mwanao,

Mwanaisha, binti wa mkulima wa mwani