Valvu Ndogo ya Boila la Gesti

Eva na Dennis,

Jumatatu ya tarehe sita ndiyo siku mambo yalipoharibika. Bosi wa gesti alifunga boila jipya la maji ya moto, linalokula kuni mara mbili ya lile la zamani, lakini valvu ya kuachia mvuke akarudisha ileile ndogo. Leo asubuhi nimemwambia tena haitoshi. Akanicheka: “Mzee, si imeingia vizuri kwenye bomba? Wewe fundi au mchochea kuni?” Nikauzima moto. Akanifukuza.

Ugali nimeufunika. Dennis, fungia kuku, usijifanye umesahau.

~~Eva, kazini nenda mchana.~~ Nimekata hapo. Usikanyage kule kabisa! Chumba chako cha kufulia kimepakana na boila, na wameshaliwasha; laweza kupasuka.

Marehemu mama yenu hakusoma, kama mimi tu, ila akiongeza kuni alisogeza kifuniko cha sufuria. Valvu hupimwa kwa ukali wa moto, siyo kwa tundu la bomba. Wenye vyeti wamekaa tu.

Narudi Vwawa, ofisi ya wilaya, kuwaita wakaguzi. Jana walisema njoo kesho. Haya, kesho ndiyo leo. Moto wameuongeza, njia ya mvuke ni ileile: nani alipima?

Baba