Mafundo Manne ya Bi Rukia

Guangzhou, Ijumaa

Bi Rukia,

Mkono wako bado unafanya kazi. Nimeona nianze na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Nakuandikia kwenye meza ile ile ya maabara, ile uliyosema ina mwanga wa hospitali. Mbele yangu kuna sanduku la kioo. Ndani yake kuna glavu uliyoshona, na ndani ya glavu kuna mkono wa plastiki ulioumbwa kwa kufuata wako, siku ile tulipokutumbukiza kiganja kwenye ndoo ya uji mzito wa kuchukulia umbo, ukalalamika kwamba tunakuzika kwa vipande. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani kama chako. Mkono unakwenda bila kupumzika. Leo ni siku ya hamsini na mbili tangu tukuzike.

Mambo haya ya wafu siyaamini, unanijua. Ulikuwa ukinisimulia ndoto, nami nakuuliza ulikula nini. Leo pia siamini. Lakini nakaa hapa namwandikia maiti barua mchana kweupe, kwa hiyo cheka tu.

Nilikuja kwako kwa ajili ya zipu. Ulikuwa na cherehani yako kule kwenye soko la nguo la Shisanhang, nyuma ya duka la suruali za jinzi, ukirekebisha mizigo ya wafanyabiashara wetu kabla haijafungwa kwenda bandari ya Nansha. Nilikuletea begi. Nikasimama kukusubiri, nikaona mishono midogo, yote sawasawa, na hupimi kwa chochote. Laoshi, yaani mwalimu anayenisimamia, alikuwa ametafuta mshoni mpaka amechoka, maana mashine haiwezi kuzunguka ndani ya kidole cha glavu. Nikakwambia ni nguo za watu wanaokwenda angani. Ukauliza, "Na wao zinawachanikia?" Nikasema ndiyo, na vidole ndivyo huanza. Siku ya pili ukaja na mkasi wako mwenyewe.

Laoshi ulimwita laoban, bosi, kama unavyomwita kila mwenye funguo, na yeye akachoka kukurekebisha. Alipokutajia gharama ya glavu moja ukamwambia "tai gui", ghali mno, ukamsogezea glavu yake juu ya meza kama mtu aliyeiona kwa bei nafuu duka la pili. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Nilitumia asubuhi nzima kukueleza. Kwamba suti hii haivaliwi siku moja ikawekwa makumbusho. Inatakiwa itumike miaka, mtu atoke nayo nje ya chombo, arudi, ifunguliwe, isafishwe, ibadilishwe kipande kilichochoka, itoke tena. Kwamba ndani ya glavu kuna mfuko wa mpira unaoshika hewa, na juu yake kitambaa kilichoshonwa cha kuukaza, la sivyo mpira utavimba na kupasuka. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Kumbe ni sidiria." Tangu hapo sijapata maelezo bora zaidi.

Kanuni yetu ilikuwa moja. Mshono wa kiganja una ncha mbili, na kila ncha inapigwa fundo la mizunguko miwili. Kisha mimi nalitazama kwa kioo cha kukuzia, natia tone la gundi juu yake, natia sahihi. Jozi moja ya glavu, mafundo manne. Uliyapiga bila kutazama, ukinisimulia habari za mwanao Unguja.

Na kulikuwa na kazi yako nyingine, ambayo laoshi hakuijua. Mtu wetu akifariki mji huu, mwanafunzi au mfanyabiashara, simu ilikuja kwako, nawe ukashona sanda. Nilikukuta siku moja una kitambaa cheupe mapajani, uzi umeuacha mrefu, ncha inaning'inia. Nikakwambia umesahau fundo. Ukasema kwenu sanda haipigwi fundo.

"Huyo wako wa angani mfunge, asitoke," ulisema. "Huyu mwache, asizuiwe."

Nikasema sawa. Nikadhani ni maneno ya watu wazima.

Ulipoanza kuumwa ulisema ni mgongo. Ukaomba jozi ya mwisho uishonee chumbani kwako, nami nikakuletea vifaa kwenye mfuko wa sokoni. Nilipokuja kuzichukua, ulikuwa umezifunga vizuri kwenye karatasi. Kando ya kitanda kulikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa. Sikuuliza ni cha nani. Nilijua, Bi Rukia. Nilijua nikazungumzia hali ya hewa.

Hapo ndipo pa kukiri, kwa hiyo nitasema haraka. Zile glavu za mwisho sikuzitazama kwa kioo. Niliona ncha za mshono, nikatia gundi, nikaandika kwamba nimekagua. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwako na supu. Na zaidi ya hapo, ulikuwa mshono wako. Nani hukagua mshono wako?

Ulituacha asubuhi ya Jumanne. Mwanao hakupata viza kwa wakati, akalia kwenye simu mpaka ikazima. Tulikuosha wanawake wanne. Mimi ndiye niliyefungua ile sanda uliyojishonea, na nilipoinyoosha kanzu yake vidole vyangu vikagusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama. Pembeni kingine. Vilikuwa vinne. Mama mmoja akaniharakisha, gari la makaburini linasubiri, nikasema bismillahi nikakuvika. Wanaume walipokuteremsha kaburini walifungua kamba tatu za sanda kama inavyotakiwa. Mshono hakuna aliyeugusa.

Nilirudi maabara siku ya tatu. Mkono ulikuwa sandukuni unaendelea, hakuna aliyekumbuka kuusimamisha. Sasa, glavu ile imefungwa kiganja kikitazama chini, kwa sababu hivyo ndivyo bomba la hewa linavyoingia. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Kiganja chini, vidole vinajikunja kuelekea mwenyewe, vinanyooka, vinajikunja. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiniita kutoka ng'ambo ya barabara pale Shisanhang, kwa sababu ulisema kupiga kelele ni kazi ya wauza soksi. Njoo. Njoo. Njoo.

Nikahamisha kiti nikaupa mgongo. Sauti ya pampu haikunisaidia.

Halafu kuna ayi, yule mama msafishaji uliyekuwa ukimpa maandazi. Hakuna mtu aliyemwambia umefariki. Sina Kichina cha kusemea jambo kama hilo. Lakini kila asubuhi nilikuta sanduku limefunikwa kitambaa cha meza, na kila asubuhi nilikifunua. Juma la pili nilimkuta akifunika. Akanionyesha kidole cha mwisho, kile kilichopinda, akatikisa kichwa, akaondoka na ndoo yake. Sikukifunua siku hiyo.

Majuma matatu yaliyopita, saa tisa alasiri, mashine ikalia. Nilipofunua nikaona katikati ya kiganja pametoka kipira cheusi, kimejipenyeza kwenye mshono kama ulimi. Nikazima umeme. Mkono ulikuwa wazi. Nikasogea karibu na kioo, na umeme umezimwa, Wallahi nimeuzima, vidole vikajikunja polepole mara moja. Ni hewa iliyokuwa ikitoka. Naweza kukuchorea mchoro wa ilivyotoka. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua tatu.

Niliifungua glavu peke yangu. Nikakwangua gundi kwa sindano, nikaweka kioo. Uzi ulikuwa umepita mara ya mwisho, umelala, ncha imeachwa huru. Upande wa pili hivyo hivyo. Nilitafuta fundo kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga, nikijua kabisa lilipo. Nililigusa mwenyewe, siku ile tunakuvika.

Ulishona vitu viwili kwa juma moja, kwa uzi mweupe ule ule, macho yamechoka, na mikono yako ikabadilishana. Huyu wa angani ukamwacha huru. Wewe ukajifunga.

Nililia, ndiyo. Nilikukasirikia pia, tena sana. Kwa nini hukusema huoni? Ungeniambia neno moja ningekushikia taa, ningekutungia uzi, ningekuwa mimi ndiye macho. Uliona aibu mbele yangu, mimi niliyekutapikia kwenye zulia lako mara ya kwanza nilipokula pilipili za Hunan.

Lakini ile ilikuwa glavu ya kulia tu ya ile jozi ya mwisho. Ya kushoto haikuwa hapa. Ilikuwa imekwishapelekwa mji mwingine, na kesho yake asubuhi mtu mwenye nyama na damu angeivaa ndani ya chumba kisichokuwa na hewa. Ningeweza kuandika kwamba kitambaa kimechoka tu. Kila mtu angeamini, maana kuchoka ndiko tunakokutafuta. Jina lako lingebaki safi kwenye orodha ya washoni, na sahihi yangu pia, na ufadhili wangu wa masomo. Na huenda ya kushoto ilikuwa na mafundo yake. Nilijiambia hivyo mara mbili tatu. Lakini kwenye sanda nilihesabu manne, Bi Rukia. Sikuhesabu mawili.

Nikatazama sandukuni. Vidole vilikuwa vimekunjwa, kiganja chini, vimeishia pale pale katikati ya kuita. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumba kizima, "Nimekuja, basi."

Nikapanda ngazi kwenda kwa laoshi. Nilimwambia yote, la gundi, la sahihi, la macho yako. La sanda nalo nilimwambia, kwa Kiingereza changu kilichokuwa kikikatika. Alinyanyua simu kwanza, akawazuia wale wa kule. Alipomaliza akapangusa miwani yake.

"Bibi yangu pia alishona nguo zake za kuzikiwa," akasema. "Alikataza mtu yeyote asizikague."

Hakunipa pole nyingine. Nimenyang'anywa mamlaka ya kutia sahihi mpaka muhula uishe, na barua ya onyo iko kwenye faili langu. Ufadhili wataujadili. Jibu la kushoto lilikuja siku ya pili: hakuna fundo, ncha zote mbili. Yupo mtu ana mkono wake mzima leo na hajui jina lako. Mimi nalijua, na laoshi ameliandika kwenye ripoti, pamoja na kosa, vizuri, kwa heshima.

Kisha nikaamriwa nifungue kila glavu uliyowahi kutushonea. Siku nne nilikwangua gundi. Bi Rukia, mafundo yako yote yapo. Magumu, madogo, mizunguko miwili, hata moja halikulegea. Ni ile jozi tu. Nilitaka ulijue hilo kuliko yote niliyoandika humu.

Jumapili nilikwenda makaburini. Ni mbali na treni ilijaa watu na mabegi ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Wale mama nilioosha nao waliniambia nisome dua niache wasiwasi, Mola hashindwi na uzi. Ni kweli. Lakini nilisimama pale juu ya udongo na mikono inaniwasha kama mtu aliyefunga mlango akamwacha mgeni ndani. Nilisoma nilichokuwa nacho. Nikaondoka bila kugeuka nyuma, maana niliogopa nikigeuka nitaona kiganja kikitazama chini.

Sasa glavu nashona mimi. Jozi ya kwanza imenichukua juma zima na ni mbaya, ungeniambia nifumue. Naishona kwa kipimo cha mkono wako. Laoshi aliuliza kama tuumbe mwingine, nikasema hapana. Na juzi simu iliyokuwa ikija kwako ilikuja kwangu. Mfanyabiashara wa Dar, moyo. Nilimshonea. Uzi niliuacha ukining'inia, na nilikagua mara tatu kwamba hakuna kitu.

Sababu hasa ya kukuandikia leo ni hii. Tangu asubuhi jaribio limeingia hatua ya pili, kwa glavu yako ya zamani, moja ya zile nilizozikuta na mafundo yake. Mkono haujifumbi tena wote. Ni kidole gumba na cha shahada tu, vinakutana, vinabana, vinaachana, kama mwanaanga anayeokota kitu chembamba. Sikuipanga mimi, imo kwenye ratiba tangu mwaka jana. Ayi aliingia na kitambaa chake, akasimama akautazama, kisha akakikunja akaondoka nacho.

Nami nimekaa hapa nautazama. Ndivyo ulivyokuwa ukifumua mshono wangu mbaya, kwa kucha mbili, bila hasira.

Kwaheri, Bi Rukia wangu. Mafundo ya sanda yako yamebanwa mizunguko miwili, unayajua mwenyewe, yanataka subira. Ratiba inasema nizime jioni ya Jumamosi. Sitazima. Mkono nitauacha unazunguka mpaka uyafungue yote manne.

Mwanao wa zipu,
Zuhura