Kipa Wetu Haji

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua.

Umeniuliza timu yetu ya mtaani ilikufaje, nayo ilikuwa ikizifunga timu kubwa za mjini. Zilikuwa zama za siasa. Wachezaji tuligawanyika vyama, tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Siku ya fainali, kipa wetu Haji aliachia mpira mwepesi, tukafungwa. Waliotufunga walikuwa wa chama chake. Mimi ndiye nahodha, nikamwambia mbele ya wote, "Umetuuza, Haji!"

Akavua jezi, akaondoka. Wengine wakamfuata, kila mmoja akimshuku mwenziwe. Hatukucheza tena.

Miezi baadaye nikakutana naye Darajani. Aliponipa mkono, niliona vidole viwili vimepinda. Kumbe vilivunjika kwenye nusu fainali, akaficha kwa kuwa hatukuwa na kipa mwengine.

"Mbona hukunambia siku ile?" nikamuuliza.

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo, Rahma. Lakini ungekuwa uongo, na yeye alishajua.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Babu yako,
Khamis