Niliposema Tumekwenda Dar

Hoza, mume wangu, wewe mtoto huna adabu. Tumekuzika, vuli imenyesha imekwisha, masika hii hapa, na hujaja hata usingizini kuniamkia. Jirani yetu Mama Salimu, marehemu wake anamjia kila Alhamisi, anakaa kitandani, anauliza habari za ng'ombe. Mimi nalala, naamka, hola. Umeninunia? Una haki. Lakini nuna ukinisikiliza.

Barua hii anaiandika mama yako. Mimi shule niliiona nikipita na mzigo wa kuni. Nimemkalisha hapa jikoni nikamwambia, Zaina mwanangu, andika ninachotamka, usinipambe. Kuna jambo tulilijua wawili tu, mimi na wewe, na wewe umekwenda nalo. Leo nalisema, alijue kwa mkono wake mwenyewe. Akinichukia, anichukie. Nimechoka kupikiwa uji na mtu niliyemdanganya.

Habari za huku kwanza. Bonde lote nimepanda karoti, panya wanakula kabla yangu. Paka wako amezaa ndani ya kapu la mbegu, nimewaacha. Mama yako ameacha kazi Tanga, amerudi moja kwa moja. Amekonda, na mchuzi wake umejaa chumvi. Andika, Zaina, ni kweli.

Unakumbuka ulivyoanza? Asubuhi unatapika, mchana unacheza. Nikasema minyoo. Kisha ukawa unayumba kama mlevi aliyetoka kunywa boha, nami nikakucheka: "Mume wangu kalewa!" Kicheko kile Mungu anisamehe.

Dar wakakupasua kisogoni. Daktari akatukalisha mimi na mama yako, akasema uvimbe ameutoa, ila kipande kidogo kimeshikamana na mahali panapoendesha pumzi. Amekiacha, angekigusa ungefia mezani. Wakakupiga mionzi. Akasema turudi kila miezi mitatu upigwe picha ya kichwa, "hata kama anaruka kama mbuzi." Nilimsikia. Mimi nimeng'oa ndago tangu sijaota meno ya utu uzima, najua kiazi kimoja kikibaki udongoni kinafanya nini. Usimsikilize mtu atakayekwambia bibi yako hakuelewa kwa kuwa hakusoma. Nilielewa.

Ukapona, mwanaharamu wewe! Kovu refu shingoni, wenzako wa chuo cha Kurani wakakuita Zipu, nawe ukawa unawatoza peasi moja kila anayetaka kuligusa. Ulirudi nyumbani kanzu imejaa peasi mbivu. Tukachinja beberu, shehe akaja, tukasoma dua ya shukrani, watu wakala wakaitikia amina.

Na hapo ndipo nilipokosea. Sisi hapa, mtu akishatolewa sadaka ya shukrani, ugonjwa wake hautajwi tena. Siku ya kwenda kupiga picha ilipofika, mama yako alikuwa kazini Tanga, mimi ndiye wa kukupeleka. Ukalia, ukanishika miguu: "Bibi, lile bomba la picha linagonga, sitaki kulala mle tena." Nami nilikuwa na langu moyoni. Nimwambie Mungu asante, kisha nizunguke nyuma yake kuhakikisha? Nikakwambia kavue viatu. Tukaenda kuchuma maharage.

Jioni mama yako akapiga simu. "Mmefika?" Nikasema tumefika, umepigwa picha, wamesema mzima. Nikakupa simu. Ukanitazama usoni, mtoto wa miaka saba, ukasema, "Ndiyo, Mama, mzima."

Basi. Nimesema. Hukumdanganya mama yako wewe. Nilikudanganyisha mimi.

Mama yako aliweka kalamu chini, akatoka, akasimama kwenye migomba na mvua ile, sikumfuata. Amerudi, hanitazami. Amesema neno moja tu: "Endelea."

Naendelea. Safari ya pili nayo hatukwenda, uongo ukishauzoea una miguu yake. Kumbe kichwa kimeanza tena na wewe unanificha. Ulitapikia nyuma ya zizi, ukafukia kwa majivu kama paka, kwa kuogopa bomba. Nilikukuta siku moja umeegemeza paji la uso kwenye mawe ya baridi, jicho moja linatazama pembeni. Nikakubeba mgongoni mpaka barabarani nikipiga kelele kama mwendawazimu. Dar wakakupasua tena, palepale kwenye kovu. Hukusema tena neno. Ulikuwa unanishika kidole, kisha hukushika.

Nilimuuliza daktari, tungekuja siku ile, ungepona? Akavua miwani. "Bibi, huenda uvimbe ungerudi hata hivyo. Lakini tungeukuta mdogo." Angesema ndiyo, ningejua mimi ni muuaji, nikakaa na jina langu. Angesema hapana, ningelala usingizi. Kanipa huenda. Huenda hailiwi, haitemwi.

Na kule juu nimesema ulilia ukanishika miguu. Sijifichi nyuma ya machozi yako, Hoza. Kazi ya mtoto ni kulia. Kazi yangu ilikuwa kukubeba ukilia hivyohivyo.

Watu wa hapa Magamba wakija wanasema, "Mungu kapenda." Nilikuwa naitikia. Kuanzia leo nakuahidi, atakayesema hivyo mbele yangu nitamjibu: Mungu kapenda, na mimi nilikaa nyumbani nikachuma maharage. Na mwenye mtoto aliyeambiwa arudi hospitali, nitamwambia achinje mbuzi wake, ale, kisha arudi.

Kwaheri, mume wangu. Sina mwingine wa kumwita hivyo.

Siku utakayokuja, mlango wangu upite. Nenda kwa mama yako kwanza, umlalie kifuani, ukae mpaka atosheke. Akikwambia, "Haya, kamsalimie bibi yako," ndipo uje kwangu. Asipokwambia, usiniombee. Rudi zako.